Mnufaika wa Kwanza

Mkutano ulikuwa na vikombe saba, na Mama Chai alijua kila kikombe ni cha nani. Cha mgeni hakikutiwa sukari. Siku ya kwanza alipoulizwa kwa ishara ya kijiko, mgeni alitikisa kichwa, akamwomba amfundishe neno la kukataa, na tangu siku hiyo kila akiona bakuli la sukari anasema, "Hapana," huku anacheka kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alikuwa mama wa makamo, mpole, anayefuta viatu vyake mlangoni hata kama havina tope. Makao makuu yalikuwa yamemtuma kutoka ng'ambo, akae wiki tatu aandike kitu walichokiita mkakati: namna kampuni inayochuma katika nchi za watu itakavyowafaa wale wanaoishi karibu na uzio wake.

Kampuni ilikata mawe. Mapande makubwa yaliingia kwa lango la nyuma, yakatoka kwa lango la mbele yakiwa mabamba yanayong'aa, yakapakiwa kwenye makontena kwenda kuwa kaunta za majiko ya watu wa mbali. Mume wa Mama Chai alikuwa kwenye banda la misumeno mwaka wa kumi na moja sasa. Wenzake walimwita Laini, kwa sababu bamba likipita mikononi mwake, unaweza kupitisha shavu kwenye ukingo wake usikwaruzike.

Laini alikuwa anakohoa tangu mvua zilizopita. Nesi wa kiwanda alimpa dawa ya maji ya kikohozi na kumwambia anywe maziwa.

"Fungu limetengwa," Bwana Tai alikuwa anawatafsiria wakuu wa idara maneno ya mgeni. Bwana Tai ndiye mkuu wa utumishi, na tai yake haikulegea hata siku za joto la kuvunda. "Kaya ishirini zinazotuzunguka zitatibiwa bure. Hospitali kubwa, vipimo vyote. Kaya ya kwanza ipatikane kabla mgeni hajaondoka, apige picha za ripoti."

"Na wafanyakazi wetu?" akauliza mkuu wa ghala.

Bwana Tai hakumtafsiria mgeni swali hilo. "Wafanyakazi wana mishahara yao. Fungu hili ni la jamii. Ukilitia mkono wa mfanyakazi ndani, wakaguzi wanalifunga."

Mama Chai alikuwa anamimina kikombe cha tano. Chai ikajaa, ikapita ukingo, ikatiririka kwenye kisahani. Akaifuta kwa kona ya aproni, lakini macho yake hayakuwa kwenye chai.

*

Nyumbani walikuwa na chumba kimoja na kibaraza kilichozibwa kwa mabati. Bibi, mama yake Laini, alilala upande wa kibaraza pamoja na mjukuu wake wa kike. Chini ya mlango walisokomeza ovaroli kuukuu la Laini ili upepo usiingie. Hata hivyo lilikuwa linatolewa kila siku, maana Laini alipenda kulivaa jioni. Alisema jipya la kazini lilimbana kifua.

"Vipimo vyote?" Laini aliuliza. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Kulala chali alikuwa ameshaacha.

"Vyote. Na picha ya kifua."

"Lakini mimi ni mfanyakazi."

"Mpaka Ijumaa," Mama Chai akasema. "Jumatatu unaweza kuwa jamii."

Laini akamwangalia kana kwamba amemwambia awe ng'ombe. "Yaani nikiwa na kazi sistahili dawa, ila nikiwa sina kazi nastahili?"

"Ndivyo walivyosema. Mimi nilikuwa namimina tu."

"Miaka kumi na moja, mke wangu."

"Itakungoja. Ukipona unarudi. Bwana Tai mwenyewe huwa anasema hakuna anayemaliza ukingo kama wewe. Watakuacha uende wapi?" Akasogea karibu, akashusha sauti, kama mtu anayeuza kitu cha magendo. "Sikiliza. Mimi ndiye ninayeingia mle ndani. Nawasikia. Wewe unaijua misumeno, mimi nawajua wale. Wanataka familia moja, upesi, kabla yule mama hajapanda ndege. Tukizubaa watamchukua fundi viatu wa pale kona, naye haumwi hata jino."

Bibi akacheka kutoka kibarazani. "Mke wa mwanangu akili anazo. Ila zinachemka haraka, kama birika lake."

"Mama, wewe unataka akohoe mpaka lini?"

Laini alikuwa ameanza tena, kikohozi kile kikavu kinachokwangua, na wote wakakisubiri kiishe. Kilipokwisha, alifuta macho na kusema kwa sauti ndogo, "Haya. Nipeleke kwenye hiyo jamii."

*

Bwana Tai alimsikiliza Mama Chai mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Wazo lako si baya, Mama Chai. Kumbe tunakunywesha chai na mwanasheria!"

Mama Chai akaona haya, lakini haya ya kupendeza. Miaka sita ndani ya jengo lile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana wazo.

Bwana Tai akavuta droo, akatoa karatasi ya kuacha kazi iliyokwisha kuchapwa, imeachwa nafasi za jina na tarehe tu. Mama Chai aliiona hivyo, ikapita machoni pake. Baadaye sana ndipo aliporudi kuifikiria: kwa nini mtu awe na karatasi kama ile tayari kwenye droo?

Siku ya Ijumaa walikuja wawili. Laini alileta buti mbili, ovaroli jipya lililofuliwa na kukunjwa, na kadi yake ya kazi, ile yenye picha yake ya zamani akiwa na mashavu. Akaviweka mezani kimoja kimoja. Kadi akaiweka mwisho, kidole chake kikabaki juu yake.

"Tarehe nimeirudisha nyuma miezi miwili," Bwana Tai akaeleza. "Makao makuu wasije wakaona umeacha kazi leo na kesho umepewa msaada. Watasema tumepanga."

"Ahsante sana, bosi," Mama Chai akasema. Alidhani ni fadhila.

Laini alikuwa anasoma. Darasani hakukaa sana, lakini kusoma alisoma, polepole, midomo ikisogea. "Hapa pameandikwa 'kwa hiari yangu mwenyewe'. Hiari ya nani?"

"Yako, mzee."

"Na miaka yangu?"

"Ipo kwenye faili. Faili halina miguu."

Laini akamgeukia mkewe. Hakuuliza kitu, ila alimwangalia tu, mtazamo ambao mwanamke yule atakuja kuutazama mara nyingi akiwa amefumba macho. Kama Mama Chai angesema "tuondoke", wangeondoka. Lakini alimsogezea kalamu.

"Andika jina, baba," akasema. "Mgeni anaondoka Jumatano."

Akaandika. Bwana Tai akaichukua kadi, akaikunja katikati mpaka ikalia, akaitupa kwenye kapu.

*

Jumanne magari mawili yakasimama uchochoroni, na majirani wote wakakumbuka kwamba wana nguo za kuanika. Mgeni akaingia akiwa ameinama, akawapa mkono wote, akamshika Bibi mkono kwa muda mrefu. Alipopewa kiti kimoja kilichokuwepo, akasema, "Hapana, hapana," akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama Chai alimpenda.

Bwana Tai alibaki amesimama mlangoni, anaangalia kitandani. "Mzee, vua nguo hiyo."

Laini alikuwa amevaa ovaroli kuukuu. "Ndiyo inayonipa joto."

"Ina jina la kampuni mgongoni. Huwezi kuvaa jina letu ukapokea msaada wetu. Itaonekana tunajisaidia wenyewe."

Laini hakuwa na shati la kupigia picha. Lake la heshima lilikuwa limelowa kwenye beseni; Mama Chai alilifua asubuhi ili liwe safi, likakataa kukauka. Bwana Tai akatoka, akarudi na shati la dereva, bado lina joto la dereva. Dereva mwenyewe akabaki garini na fulana, amepandisha vioo, watoto wamemzunguka wanamchungulia kama samaki. Laini akalivaa shati. Lilimpwaya mabegani.

"Mgeni anauliza," akasema Bwana Tai, "jamii hii inahitaji nini zaidi ya matibabu?"

Laini akajiinua kidogo. Hilo swali alikuwa nalo jibu. "Mwambie pampu ya bandani itengenezwe. Misumeno inakata mikavu, bila maji, mwaka wa pili huu. Maji yakiwa yanamwagika kwenye msumeno, vumbi halipandi. Likipanda tunalila. Mwambie hivyo hivyo."

Bwana Tai akasema maneno mawili, au matatu. Mgeni akatabasamu kwa huruma, akaandika.

"Umemwambia?" Laini akauliza.

"Nimemwambia maji."

Kisha wakapiga picha. Laini na mkewe kitandani, Bibi katikati, binti miguuni. Mpiga picha akaomba watabasamu. Laini akatabasamu, akajizuia kukohoa mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na kamera ilipolia tu akaachia. Kwa ripoti walichukua ile moja ya kabla ya kikohozi.

*

Hospitali ilikuwa kubwa kweli na safi kweli, na kwa siku mbili hakuna aliyewafokea. Siku ya tatu daktari, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja, akaipachika filamu ya kifua dirishani, mwanga ukapita ndani yake. Hata Mama Chai, ambaye hakuwahi kuona ya mtu mwingine, alijua kwamba kifua hakipaswi kuwa hivyo. Kilikuwa kama kimenyunyiziwa unga.

"Huyu anafanya kazi gani?" daktari akauliza, akapekua fomu. "Hapa wameandika hana ajira."

Mume na mke hawakuangaliana.

"Mzee, haya ni mapafu ya mtu wa mawe. Nimeona ya namna hii manne mwaka huu, yote kutoka upande wenu. Hili vumbi haliyeyuki. Sina dawa ya kulitoa, na atakayekuuzia dawa ya kulitoa ni mwizi. Ninachoweza ni kukupunguzia shida ya kupumua. Itafika siku utahitaji mtungi wa hewa nyumbani, na mtungi unajazwa kila wiki."

"Fungu la kampuni litajaza," Mama Chai akasema haraka.

"Nimesoma barua yao. Wanalipia vipimo na dawa za mwezi mmoja." Akavua miwani. "Lakini msiwe na hofu, kwa hili kuna sheria. Nikiandika kwamba ugonjwa umetoka kazini, mwajiri analazimika kumtunza mpaka mwisho. Mtungi, dawa, na nusu mshahara. Si msaada, ni haki yake. Nipeni tu kadi ya kazi, nijaze namba."

Nje, mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, kinalia, kinalia.

"Kadi," Laini akasema.

Mama Chai aliinamia mkoba wake, akaupekua kana kwamba kadi ingeweza kuwa ndani.

"Tuliirudisha," Laini akamalizia. Hakusema "aliirudisha" wala "uliirudisha". Alisema "tuliirudisha", na huruma ile ilimuuma mkewe kuliko kofi.

*

"Faili linasema aliacha kazi miezi miwili kabla ya kuonwa na daktari," alisema Bwana Tai. Safari hii hakufunga mlango. "Kwa hiari. Sababu za kifamilia."

"Bosi, tarehe si uliirudisha nyuma wewe mwenyewe? Mbele yangu!"

"Mimi?"

"Na mishahara ya ile miezi miwili je? Si alipokea?"

"Alifanya kibarua. Watu wengi hufanya kibarua." Akaegemea kiti. "Mama Chai, tuelewane. Nani alikuja humu na wazo? Mimi nilikuita?"

Mama Chai aliangalia kapu la taka kando ya meza.

"Nilikuita?"

"Hapana, bosi."

"Nakuheshimu, ndiyo maana nakuuliza jambo moja. Pale nyumbani kwako sasa hivi, watu wangapi wana kazi?"

"Mmoja."

"Basi." Akavuta karatasi zake. "Wageni wa saa nne ni watano. Mmoja hanywi maziwa."

Mama Chai alienda ofisi ya kazi ya serikali siku yake ya mapumziko. Karani akataka kadi. Akaenda kwa watu wa bandani, wale waliokuwa wanamtania Laini miaka yote, wakamwambia, "Shemeji, tunajua, dunia nzima inajua, lakini tukiandika majina yetu na sisi tutakuwa jamii." Mmoja akacheka, akaacha, akainamisha kichwa. Alikuwa anakohoa pia.

Mwezi uliofuata kampuni ikajenga tangi la maji kwenye kona ya fundi viatu, lenye bomba na kibao cha shaba. Maji yalikuwa mazuri. Mama Chai aliyateka kama watu wengine, angefanyaje? Bandani misumeno iliendelea kukata mikavu.

*

Mgeni alirudi baada ya mwaka. Vikombe sasa vilikuwa tisa, maana mkakati ulikuwa umependwa kwenye makao makuu na nchi nyingine mbili zilitaka kuuiga. Ripoti zilipangwa mezani, kila kiti na yake, karatasi nzito zinazoteleza. Jalada lilikuwa na Laini, shati la dereva linampwaya, anatabasamu na mishipa ya shingo imemtoka. Mkuu wa ghala aliweka kikombe chake juu ya picha, kikaacha duara kwenye paji la uso.

Mgeni alipomwona Mama Chai, aliinuka mbele ya wote, akamkumbatia. Akasema maneno mengi.

"Anauliza mnufaika wetu wa kwanza anaendeleaje," Bwana Tai akasema. Akaongeza kwa tabasamu lile lile, bila kubadilisha sauti, "Kuwa mwangalifu."

Mama Chai alikuwa amejiandaa kwa miezi minne, tangu aliposikia kwamba mgeni atarudi. Maneno ya mgeni hakuyajua, na mdomo pekee uliokuwepo kati yao ulikuwa wa Bwana Tai. Kwa hiyo hakuleta maneno. Akatoa kutoka chini ya sinia bahasha kubwa ya hospitali, akachomoa filamu, akaenda nayo dirishani, akaibandika kwenye kioo kwa viganja viwili. Jua la saa nne likapita kifuani mwa Laini. Mbavu zake zikaonekana na chumba kizima, na ule unga. Kwa kidole kimoja alionyesha filamu; kisha, nje ya kioo, ng'ambo ya uwanja, banda la misumeno na wingu jeupe linalotoka mlangoni mwake. Filamu. Banda. Akarudia, kama anavyofundishwa mtoto.

Mgeni alishika mdomo. Akasogea mpaka karibu. Macho yakamjaa, ya kweli, Mama Chai aliyaona kwa karibu kabisa. Akaangalia banda kwa muda. Kisha akaangalia filamu tena, akamgeukia Bwana Tai, akasema jambo kwa sauti ya chini.

Bwana Tai akasafisha koo. "Anasema pole sana. Anasema inagusa moyo. Anaomba kuipiga picha, kwa ajili ya ripoti ya mwaka huu."

"Muulize," Mama Chai akasema, viganja bado kwenye kioo, "chini ya picha ataandika alikuwa anafanya kazi wapi."

Bwana Tai akasema kitu kifupi kuliko swali. Mgeni akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akamshika Mama Chai bega, na kwa mkono wa pili akatoa simu yake.

"Hapana," Mama Chai akasema.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Mgeni akabaki na simu hewani. Mama Chai akaishusha filamu, akairudisha kwenye bahasha polepole isije ikakunjika, akavua aproni, akaiweka juu ya ripoti moja, juu ya uso wa mumewe. Birika akaliacha pale pale. Nyuma yake alimsikia Bwana Tai anaanza kutafsiri jambo ambalo yeye hakulisema.

*

Laini alikuwa macho, ameketi kama kawaida, mito miwili mgongoni na mmoja kifuani. Mtungi ulikuwa umesimama kando ya kitanda, tupu tangu Jumamosi. Bibi alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi.

"Umerudi mapema," Laini akasema. Sasa alikuwa anazungumza kwa vipande, kila maneno matatu na pumzi yake. "Wamekufukuza?"

"Sijui. Nimetoka kabla sijaambiwa."

"Yule mama... ameona?"

"Ameona. Amelia."

"Halafu?"

Mama Chai akakaa kwenye ile ndoo iliyofunikwa. Alikuwa amepanga njia nzima namna ya kumwambia, na yote yakamtoka. "Wanataka picha nyingine."

Laini akamkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mkewe akadhani ni kikohozi, akasimama, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamdaka katikati, na vyote viwili vikamtupa huku na huku, Bibi amemshika upande huu na mkewe upande ule, mpaka vikamwachia.

"Waambie..." akasema, akavuta pumzi, akavuta tena. "Waambie safari hii... navaa ovaroli."

Bibi akaweka boksi chini. Akaenda mlangoni, akainama kwa shida ya magoti yake, akalivuta lile ovaroli kuukuu lililokuwa limesokomezwa chini ya mlango, ambalo hakuna aliyekuwa amelivaa tangu siku ya picha. Akalikung'uta mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayemwandalia mwanawe nguo za kazi.

Vumbi jeupe likatoka, jepesi, likapanda mpaka kwenye mwanga wa mlango, likaning'inia pale. Bibi akaziba pua. Mama Chai akaziba pua.

Laini peke yake hakuziba.